Kiganja Juu ya Boneti

Mwenye Toyota Mark II tuliyotaka kuinunua alitupangia saa nne asubuhi, nyumbani kwake Tabata, Dar es Salaam. Fundi wetu, mzee wa Gerezani aliyeanza kushika spana kabla mimi sijazaliwa, akakataa. "Mwalimu, tutakwenda saa kumi na mbili na nusu. Na asipigiwe simu." Niliona aibu kumgongea mtu geti alfajiri yote ile kwa ajili ya gari la milioni 3 na laki 4, lakini mzee ndiye aliyekuwa anajua, sisi tulikuwa wanafunzi. Mwenye gari akafungua geti amejifunga msuli, mswaki mdomoni. Akashangaa kidogo. Kidogo mno, nilikuja kufikiri baadaye.

Fundi hakufungua boneti. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha pale kama mama anayempima mtoto homa, kisha akanigeukia na kunipa ishara niweke na mimi. Bati lilikuwa la moto.

Gari lililolala uani usiku kucha haliwi na joto saa kumi na mbili na nusu. Muuzaji hatukumpigia, ni kweli. Ila dalali tulimwambia, na dalali wa mjini hapa hawezi kulala na siri inayogusa kamisheni yake. Gari lilikuwa limeshawashwa, likanguruma mpaka likapata joto, likazimwa. Injini ikishapata moto inaitika kwa mguso mmoja, sauti imetulia, na ule moshi wa kuamkia, ambao ndio uliotutoa kitandani, umeshapeperuka kwa majirani. Mzee akaaga kwa adabu zote, akaomba hata maji ya kunywa, tukaondoka. Viti hatukuviangalia.

Mwalimu wa hesabu alifikaje kwenye uwanja wa watu saa hizo? Chanzo ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Alikuwa ametumbukia kwenye video za Wazungu wanaoshindana kwa mikweche. Wapo walioondoka Uingereza na magari ya pauni 100, wakashuka na Sahara mpaka Banjul, Gambia, na walipofika magari yakapigwa mnada kwa ajili ya misaada. Wapo wa Mongol Rally, iliyoanza mwaka 2004, waliokuwa wakitoka Ulaya kwenda Mongolia kwa vigari vya injini ndogo. Shemeji na wenzake wa kazini wakaona hapa kwetu mikweche ipo, barabara mbovu zipo, na Sahara hatuihitaji.

Wakatunga sheria jioni moja kwenye nyama choma. Gari liwe limenunuliwa kwa bei isiyozidi milioni 3 na nusu, liwe na umri wa miaka 20 au zaidi. Siku tatu: Bunju, Bagamoyo, Msata, Segera, Mombo, Lushoto, kisha vumbi la milimani na kushuka Korogwe mpaka Handeni, kisha Mziha, Turiani na kumalizia Morogoro. Kasi marufuku. Hii si nchi ya kukimbizana barabarani na malori, na tochi za trafiki za kupima mwendo ziko kila penye kibao cha 50. Yangekuwa mbio za saa. Kila kipande cha njia kinapewa mwendo wa wastani, tuseme kilomita 36 kwa saa, yaani sekunde 100 kwa kila kilomita. Ukiwahi unakatwa pointi, ukichelewa unakatwa pointi, na wapima muda wamejificha mahali usipopajua.

Mbio za namna hiyo zinataka dereva na msoma ramani. Mume wangu hawezi kusoma hata ujumbe wa simu ndani ya daladala bila kutapika. "Shem," akasema shemeji, "wewe si unafundisha hesabu?" Ndivyo nilivyoingia.

Baada ya Mark II ya Tabata tulikwenda Sinza kutazama Subaru Impreza. Hapo nitapita haraka maana mzee naye alipita haraka. Gari lilipendeza, lina magurudumu manne yanayovuta, na shemeji alikuwa ameshaanza kulitafutia jina. Mzee akaingia kiti cha nyuma, akavuta mkanda wa usalama mpaka ukaisha wote. Sentimita kama 40 za mwisho, zile ambazo hakuna abiria anayewahi kuzivuta, zilikuwa na mstari wa matope ya kahawia, umenyooka kama umepigwa rula. "Hili limeogelea," akasema. Anayejua mvua za masika zinavyofanya kwenye bonde la Jangwani hahitaji maelezo zaidi. Kapeti hufuliwa, viti huanikwa, ila mkanda ndani ya kikunjio chake hakuna anayekumbuka kuuosha, na nyaya zilizokunywa maji huanza kuoza polepole mpaka siku taa, feni na redio zinapogoma pamoja.

Gari la tatu ndilo ninalolifikiria mpaka leo. Upanga, chini ya mwembe, limefunikwa turubai: Peugeot 504. Mwenyewe ni bibi mmoja, mumewe alishafariki. Tukamwamkia, akatuitikia "marahaba wanangu," akatuwekea chai na maandazi kabla hatujasema shida yetu. Mzee alipovuta turubai alilizunguka lile gari mara mbili bila kuligusa.

Nilidhani ni mbwembwe za mafundi. Kumbe aliliona jingine kabisa. Enzi za ujana wake Safari Rally ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, si ya Kenya peke yake, na Peugeot ilikuwa ufalme. Ile 404 ilishinda mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na mbili za kwanza zilichukuliwa na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania hii hii. Mwaka 1968 matope yalikuwa ya kutisha, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Ikaja 504, ikashinda 1975. "Magari haya yalitengenezwa kwa barabara ambazo hazipo," mzee alisema. Akabonyeza kona ya nyuma kwa uzito wake wote. Gari likashuka taratibu kama mtu mzima anayeketi, likarudi juu mara moja, likatulia. Springi ndefu, tumbo liko juu, na ndani ya boneti kuna nafasi unaweza kuweka kuku na vifaranga.

Bei milioni 2. Shemeji alishaingiza mkono mfukoni.

"Kadi iko kwa jina la nani, mama?" mzee akauliza. La marehemu. Mirathi imefunguliwa? Bibi akachukua muda kupanga vikombe kwenye sinia. Watoto watano, wawili wako nje, mmoja haongei na wenzake. Bado. Mzee akanywa chai yake mpaka mwisho, akashukuru, akasifia maandazi. Nje ya geti ndipo alipotuambia kwamba tukinunua kwa mama tumenunua kesi ya watu watano, na mamlaka ya mapato haihamishi umiliki wa gari la marehemu kwa sababu ya chai nzuri. Halafu kuna la spea. "Ukienda Shaurimoyo leo kuulizia spea ya 504 unapewa pole."

Njiani alimtaja na Joginder Singh, aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ndugu yake akimsomea ramani. Nadhani alikuwa anatufariji. Shemeji hakufarijika.

La nne lilikuwa Kigamboni. Tulivuka na pantoni Jumamosi, jua kali, tukalikuta uani kwa mvuvi mstaafu: Toyota Starlet, ule mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya tisini, namba A, rangi ambayo zamani ilikuwa nyekundu. Siku hiyo dalali hakuambiwa kitu. Boneti baridi kama mtungi. Mzee akalianza gari kwa utaratibu ambao niliuandika kwenye daftari, na daftari hilo ninalo.

Kifuniko cha oili kwanza, chini yake: kukiwa na ute wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanakutana na oili mahali yasipotakiwa. Hakukuwa na kitu. Kifuniko cha rejeta: maji yawe na rangi ya kulenti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini, yasiwe na utando wa mafuta unaong'aa. Sawa. Kisha akamwambia mwenye gari awashe, naye akaenda kusimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi, mweupe usioisha wenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta. Starlet ilikohoa mara moja, ikatoa kamvuke, ikanyamaza kwenye sailensa yake kama cherehani. Akapiga jeki. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa: likicheza ni beringi au boljointi. Akalishika kushoto na kulia: likicheza ni tairodi. Likacheza kidogo upande mmoja. Akamwambia shemeji akate stelingi mpaka mwisho aende polepole akizunguka ule uwanja wa mchanga, yeye akitembea pembeni ameinama, anasikiliza kama magurudumu ya mbele yanagonga kokwa-kokwa-kokwa. Hayakugonga.

Ndipo akatandika boksi la kartoni akaingia uvunguni. Alikaa huko muda mrefu mpaka mwenye gari akaanza kututazama. Akatuita. Nikapiga magoti, kanga nimeishika kwa mkono mmoja, nikachungulia. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula sakafu ya upande wa abiria. Nikanyanyua zulia kwa ndani nikaona mchanga wa Kigamboni, na kisisimizi kinapita na shughuli zake.

"Chukueni hili," mzee akasema.

Tulidhani anatania. Gari zima lilikuwa na mabaka, kioo cha nyuma kimepachikwa kwa gundi, na mahali ambapo miguu yangu ingekaa siku tatu palikuwa na tundu la kupitisha sahani. Yeye akahesabu kwa vidole: injini nzima, giaboksi nzima, gari lote lina uzito wa kama kilo 800, halizami mchangani, na likizama watu wanne wanalibeba. Sakafu ni bati na mtu wa kuchomelea, nusu siku. Muuzaji alitaka milioni 2 na laki 2 na sura yake ilisema laki 3 zingeshuka. "Bovu mnaloliona lina bei yake," alisema. "Mimi naogopa msiloliona."

Shemeji aliniambia kwenye pantoni, tukirudi, kwamba hawezi kutokea Bunju mbele ya wenzake na kile kitu. Sikumpinga. Ningeweza kusema nilimwachia yeye kwa sababu ndiye dereva, lakini ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimekiona kile kisisimizi.

Wiki iliyofuata mzee alipata msiba Tanga. Siku hizo hizo ikajitokeza Corolla 110 ya Kimara, nyeupe, namba B, milioni 2 na laki 9. Kuna mwingine aliyekuwa anaitaka, dalali alisema; huyo mwingine huwa yupo daima. Tulikwenda saa tano mchana. Shemeji alifanya kila kitu kilichoandikwa kwenye daftari langu, kwa bidii ya kweli: kifuniko cha oili, moshi, magurudumu, mkanda ukavutwa mpaka mwisho. Kila kitu safi. Hata injini yenyewe ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na mimi, mwanamke niliyelelewa kusifia usafi, nikaandika pembeni ya ukurasa: "inatunzwa." Tukalipa siku ile ile.

Mzee aliporudi kutoka Tanga alitazama ile injini inayong'aa akauliza swali moja tu: nani ameiosha, na kwa nini. Injini iliyooshwa jana haina historia. Uvujaji wote, vumbi lililogandia penye oili, njia za maji yaliyochuruzika na kukauka, vyote vimeondoka na sabuni. Akafungua kikasha cha themostati, ile inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kikasha kilikuwa kitupu. Akafuata waya wa feni: umeungwa moja kwa moja kwenye swichi, ukiwasha gari na feni inazunguka, haijali joto wala baridi.

Wenye magari hapa mjini wanaijua tiba hii. Gari likianza kuchemsha, badala ya kutafuta sababu, fundi anang'oa themostati na kuilazimisha feni izunguke muda wote. Kwenye foleni ya Mwenge linatulia. Maji yanapita kwenye rejeta bila kuzuiwa, injini haipati hata joto lake la kawaida, inakunywa mafuta zaidi, na mwenye gari anafurahi kwamba mshale umeshuka. Ugonjwa wenyewe umebaki pale pale, unasubiri mlima. Mzee alisafisha rejeta, akarudisha themostati, akaweka feni kwenye swichi yake ya joto. Akasema rejeta ile tungeibadilisha tu. Tulikuwa tumeshatoa laki 4 na 80 za tairi, laki 1 na 60 za shokapu za nyuma, laki 1 na 20 za bati la milimita 4 la kukinga sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, tena mara ya kwanza lilichongwa bila tundu la kumwagia oili, halafu bima ndogo, na ada za kuhamisha umiliki. Mkweche wa milioni 2 na laki 9 ulikuwa umefika karibu milioni 4 kabla haujaondoka nyumbani. Tukasema rejeta ingesubiri.

Ijumaa ya likizo ya Juni, Bunju, magari 11. Mark II mbili, Carina tatu, Nissan March, na mengine. La mwisho kufika lilikuwa Starlet ya mabaka, namba A. Vijana wawili wa Temeke walikuwa wameinunua kwa milioni 1 na laki 9. Sakafu ilikuwa mpya, bati la kung'aa. Shemeji alilitazama kama mtu aliyekutana na mchumba aliyemkataa, kaja harusini na mume.

Mpaka Mombo tulikwenda vizuri. Kutoka pale barabara inapanda kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona, mlima mkono mmoja na bonde mkono mwingine, gia ya pili, ya kwanza, ya pili. Upepo wa kupoza rejeta haupo maana mwendo ni mdogo, na injini inafanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya Kimara. Karibu na Soni, pale penye maporomoko, mshale ukaanza kupanda. Nilikuwa nahesabu sekunde, sikuuona. Shemeji aliuona akanyamaza, akitumaini. Kisha boneti ikatoa mvuke.

Kitu kimoja tulikifanya vizuri: hatukufungua kifuniko cha rejeta. Tulikaa kwenye jiwe nusu saa. Starlet ikapita, honi yake ikalia kama ya baiskeli, vijana wakapunga mikono kwa heshima kabisa, jambo lililotuuma zaidi. Kijana wa bodaboda akatuletea maji kwenye dumu na akamleta fundi wa Soni, ambaye alipitisha mkono juu ya rejeta kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Juu ilikuwa ya moto, na upande mzima wa chini, baridi. Maji hayapiti. Nusu ya vijibomba vilikuwa vimeziba, huenda miaka.

Sasa nilitetee Corolla kidogo, maana nimelisema sana. Yule fundi hakukuna kichwa. Aliuliza, "110?" akapiga simu mbili. Lushoto kuna mtu mwenye 110 ya mchomoko, ile teksi ya abiria wa kuchangia, iliyogongwa mbele mwaka juzi, hapana, rejeta yake iliumia, yupo mwingine. Saa mbili na nusu baadaye rejeta ya mtumba ilifika kwa bodaboda, imefungwa kwenye kipande cha mkeka, laki 1 na 10 pamoja na kufunga. Nilipokuwa nikitetemeka kwa baridi ya Usambara nililifikiria lile Peugeot chini ya mwembe. Kwa 504 tungelala Soni mpaka Jumatatu, na sana sana tungepewa pole.

Jumamosi ndiyo siku ambayo kosa lilikuwa langu. Kipande cha milimani, kilomita 40 za vumbi kwa mwendo wa 36. Nilikuwa na saa mbili, penseli tatu, na jedwali nililolichora wiki nzima. Shemeji aliendesha kama malaika. Kila kilomita ya mita ya gari ikigeuka, sekunde 100. Mwisho wa kipande mpima muda akatoka nyuma ya mgomba akatuambia tumewahi sekunde 120. Kamili. Ningekuwa nimekosea kuhesabu, kosa lingekuwa na mikia. Sekunde 118, 123. Namba iliyonyooka kiasi kile ina sababu.

Sababu niliipata kwenye lami ya Korogwe kwenda Handeni, kwa kutazama vibao vya kilomita. Nikahesabu 20 barabarani. Mita ya gari ilisema 19.4. Shemeji alikuwa amenunua tairi za 175/70 badala ya 175/65 zilizokuwepo, rimu ile ile ya 14, ili gari linyanyuke. Kimo cha tairi kilitoka milimita 583 kikawa 601. Gari lilipanda kwa nusu ya tofauti hiyo, milimita 9, chini ya unene wa kidole changu kidogo. Na kila mzunguko wa gurudumu ukawa mrefu kwa asilimia 3, mita isijue. Kwenye kilomita 40 hizo ni mita 1,200 ambazo sikuzihesabu, na kwa sekunde 100 kila kilomita, ndizo dakika zetu 2. Swali kama hilo nimewahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha pili, tena kwa baiskeli.

Nilikaa gesti Handeni usiku ule, chapati moja na chai ya tangawizi, nikaandika jedwali zima upya, kila namba imezidishwa kwa 1.03. Shemeji alikuja mlangoni mara mbili kuomba msamaha wa tairi. Nikamwambia alale.

Jumapili tulikosa kwa sekunde 4, 7, na 2. Vumbi la Mziha ni jekundu na jembamba kama unga wa sembe, linaingia hata kwenye saa. Mark II moja ilizama kwenye korongo kavu, ndefu, nzito, magurudumu ya nyuma yanachimba kaburi lake. Ikatolewa na trekta la miwa karibu na Turiani. Starlet iliangusha sailensa, wakaifunga kwa waya wa seng'enge wakaendelea, na walipofika Morogoro wakiwa wekundu kuanzia nywele mpaka kope, walikuwa wa tatu. Sisi wa sita, kwa ajili ya Soni. Magari 8 yalifika. Mshindi alikuwa mojawapo ya zile Carina, ambayo Ijumaa ile hakuna mtu aliyeigeukia mara mbili; sikumbuki hata rangi yake.

Mwezi Agosti tulisikia wale vijana wanauza Starlet yao, mmoja anaoa. Wanataka milioni 3 na laki 2 kwa sababu eti sasa lina historia. Shemeji hakuniambia anakuja kunichukua. Alinigongea dirisha kukiwa bado na giza, tukapita Temeke kabla daladala hazijajaa, tukasimama mbele ya nyumba ambayo haijaamka. Gari lilikuwa nje, limelowa umande.

Akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha. Kisha akanipa ishara niweke na mimi, na bati lilikuwa baridi mpaka vidole vikasinyaa. Akatoa kartoni kwenye buti ya Corolla, akaitandika, akaingia uvunguni na shati lake la kazini. "Shem, nimulikie upande wa sakafu." Nikapiga magoti na tochi ya simu. Mlango ukafunguliwa, kijana akatokeza amejifunga taulo, akatutazama sana kabla ya kuuliza kwa nini hatukupiga simu.